Epidurali ilishika upande mmoja tu. Wanajuaje kama mrija umekaa mahali pake?

Binti_wa_Pangani

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa pili yuko tumboni, wiki ya 34 sasa. Alhamisi ya wiki ijayo nina miadi na daktari wa usingizi wa hospitali nitakayojifungulia hapa Dar, na sitaki nikae mbele yake nikitikisa kichwa tu kama mara ya kwanza.

Mara ya kwanza ni miaka mitatu iliyopita, hospitali nyingine. Mimi na mume wangu tulilipia epidurali, ile ganzi ya mgongoni ya kupunguza uchungu wa kuzaa, baada ya kubishana na nusu ya ukoo. Nikawekewa njia ikiwa imefunguka sentimita 5. Nusu saa haikupita, mguu wa kushoto ukawa mzito kama gogo, na tumbo upande huohuo kimya kabisa. Upande wa kulia nilisikia kila kitu. Ni kama mtu kanichorea mstari kutoka kitovuni kushuka chini: huku maji shwari, huku kusi inavuma.

Nilipolalamika nikaambiwa, "Mama, kuna miili inakataa dawa." Nilipolalamika tena nikaambiwa nilijitikisa wakati wa kuchomwa. Mara ya tatu hakuna aliyenijibu, mtoto alikuwa anakuja. Nikajifungua salama, binti, kilo 3.2, namshukuru Mungu. Lakini lile neno la mwili unaokataa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Yapo mambo waliyofanya ambayo sikuyaelewa, nayaandika kama ninavyoyakumbuka. Aliyenichoma alikuwa akibonyezabonyeza bomba la sindano kwa kidole gumba huku anaingia taratibu, ghafla akasema "ndiyo hapa". Akapitisha kimrija chembamba, halafu akakiinua juu akakitazama kwenye taa, kama bibi anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha akanyamaza mpaka uchungu ukapita, ndipo akaingiza dawa kidogo na kuniuliza kama masikio yanavuma na kama mdomoni nasikia ladha ya chuma. Nilidhani ananipima akili! Akaniambia ninyanyue miguu, nikanyanyua. Akaongeza dawa. Baadaye nesi akaja na barafu ndani ya glavu, akanipitishia ubavuni na kuuliza kama nasikia baridi. Nikasema sisikii. Akaandika, akaondoka.

Swali langu: katika yote hayo, kipi ndicho kinachowaambia kwamba mrija umekaa pazuri? Na kwangu kilikosekana nini? Au kweli ni mwili wangu?

Wale wa "bibi zetu walizaa shambani" nimeshawasikia sana nyumbani, msijisumbue.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Bibi zetu walizaa shambani.

Natania dada, usinirushie mwiko. Mke wangu aliiulizia hiyo sindano huku mkoani kwetu, mkunga akamwambia hata yeye ameisoma tu darasani. Nafuatilia uzi, na mimi nijue.

---

Bi_Mkunazini

Pole mwaya. Mie mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati, nimezaa huku mara mbili na mara zote nilichomwa hiyo. Ya mwanzo haikushika hata huo upande mmoja. Nikalia, nikaita, akaja daktari mwengine, akanigusa gusa, akatazama mgongoni, akasema mrija umeteleza niliponyooka kulala. Akautoa, akachoma upya. Ya pili ndiyo nilijua raha yake. Nyayo zangu zilipata moto, zote mbili, kama nimezitia kwenye maji ya kuogea, hata sijaulizwa kitu. Daktari alipozishika akacheka, akasema sasa hapa pazuri.

Mie si mtaalamu, lakini mtu anayesema mwili wako umekataa na hata mgongo hajautazama, huyo hajataka kutafuta.

---

MzeeWaGanzi

Mimi ni muuguzi wa usingizi, mwaka wa 19 sasa, nilisomea Moshi. Epidurali za leba sijazifanya nyingi kama wenzetu wa nje, maana hospitali nyingi za huku hazina mtu wa kukaa na mama mmoja usiku kucha na mrija mgongoni. Ila nimezifanya, na nyingine nimezikosea, kwa hiyo naandika kama mtu aliyewahi kuomba radhi mbele ya mama na mama mkwe wake.

Dada, lile neno litoe kooni leo. Mwili unaokataa dawa ungeikataa kushoto na kulia. Wako uliipokea vizuri kila ilipofika. Kulia haikufika, basi.

Sasa nikufasirie uliyoyaona. Sindano ile ni nene, ncha yake imepinda kidogo, sisi tunaiita Tuohy. Inapita ngozi, mafuta, kano zilizo katikati ya pingili, mwisho inakutana na kano moja ngumu ya manjano. Ncha ikiwa ndani ya kano hiyo, maji ya chumvi kwenye bomba hayasukumiki, kidole kinagoma. Ukiivuka tu, kidole kinadidimia ghafla. Hapo umefika kwenye nafasi ya epidurali, upana wake ni milimita chache, na nyuma yake kuna utando unaoshika maji ya uti wa mgongo. Kwa kina mama wengi nafasi hiyo iko sentimita 4 hadi 6 kutoka ngozini. "Ndiyo hapa" uliyoisikia ndiyo kidole kilipodidimia.

Huo mdidimio ndio ushahidi wa kwanza, na ndio mwongo kuliko wote. Mjamzito kano zake zimelainika. Ukienda upogo kidogo tu, kidole kinadidimia kwenye nyama laini ya pembeni mwa pingili na ukaapa kwamba umefika. Mimi ulishanidanganya usiku mmoja, saa tisa, nimechoka. Mrija uliingia kwa kusitasita na ilinipasa nishtuke, sikushtuka. Dakika 40 baadaye mama yule ananitazama tu, hasemi, machozi yanamtoka.

Kuinua mrija kwenye taa. Mrija ukiwa na maji na uko mahali pake, ukiuinua yale maji yanashuka yenyewe kuelekea ndani. Yakisimama, kuna mashaka. Halafu unaushusha chini ya usawa wa mgongo na kuangalia kinachorudi. Ikija damu, umeingia kwenye mshipa. Yakija maji maangavu yasiyokoma, umepita utando. Tunavuta kwa bomba pia. Ila damu isipotoka usishangilie mapema, mishipa ya humo ni laini, ukiivuta inajibana kwenye tundu la mrija na kuliziba.

Ndiyo sababu ya ile dawa kidogo aliyoanza nayo. Mara nyingi ni mililita 3 za lidokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1.5 yenye adrenalini, mikrogramu 15 tu. Kama mrija uko ndani ya mshipa, adrenalini inarusha moyo, mapigo 20 au zaidi juu ya ulivyokuwa, ndani ya dakika moja, na lidokeini inaleta masikio kuvuma, ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma. Kama uko kwenye maji ya uti, ndani ya dakika 3 hadi 5 miguu inakuwa mizito isivyo kawaida kwa dozi ndogo vile. Ndiyo maana ya kunyanyua miguu. Na alisubiri uchungu upite kwa sababu uchungu wenyewe unakimbiza moyo, ukipiga katikati yake hutajua moyo umekimbizwa na nini. (Wapo wanaoiacha adrenalini, hasa mama akiwa na presha ya mimba, wanategemea dalili nyingine na kutoa dawa kidogo kidogo. Nao wana hoja.) Kwa hiyo mpe mtu huyo haki yake, mpaka hapo alikuwa anafanya kazi safi.

Lakini sikia hili, maana hata wanafunzi wangu wanalichanganya. Dozi hiyo inakuambia mrija hauko mahali pa hatari. Haikuambii kwamba uko mahali pa kufaa. Mrija uliolala kwenye nyama ya mgongo utafaulu mtihani huo kwa alama zote: moyo hauruki, miguu haizimiki, damu hairudi. Kila mtu anafurahi isipokuwa mama.

Anayejua kama uko pa kufaa ni wewe, dakika 15 hadi 20 baada ya dozi kamili. Uchungu wa njia kufunguka unabebwa na mishipa ya fahamu inayohudumia eneo la kuanzia usawa wa kitovu kushuka hadi kinena. Basi tunapitisha barafu, au pamba yenye spiriti, kwanza mahali penye uhai kama begani ili ujue baridi yenyewe ikoje, kisha ubavuni kushuka, kushoto, halafu kulia, usawa uleule. Nyayo zenye joto alizozisema Bi Mkunazini ni dalili nzuri, mishipa ya damu ya miguuni inafunguka. Ila ziwe zote mbili. Unyayo mmoja wa moto na mwingine wa baridi ni habari tayari, hata kabla ya barafu.

Sasa na mimi nikuulize. Kitanda chako kilikaaje, na nesi mwenye barafu alisimama upande gani?

---

Binti_wa_Pangani

Mzee wangu, nimesoma nikasimama jikoni na kijiko mkononi.

Nimempigia mume wangu kazini kuhakikisha. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kimesukumwa hadi ukutani upande wangu wa kulia, dripu na mashine ziko kushoto. Nesi alisimama kushoto. Barafu ilipita kushoto, peke yake. Hakuna aliyezunguka kwenda kulia kwa sababu hapakuwa na pa kuzungukia.

Kwa hiyo kwenye faili langu imeandikwa ganzi imeshika?

---

MzeeWaGanzi

Inawezekana kabisa imeandikwa hivyo. Na anayefuata kwenye zamu akisoma "imeshika", mama akilalamika anaonekana mdekezi.

Kwa nini upande mmoja: mara nyingi ni ncha ya mrija imekwenda pembeni, hata imechungulia kwenye tundu ambalo mshipa wa fahamu hutokea. Mrija ukisukumwa mrefu mno ndani ndiyo hatari hiyo inakua. Wengi tunaacha sentimita 4 au 5 ndani ya nafasi. Ukiacha pungufu, unachomoka mama akijigeuza. Mrija una alama zake, kwa hiyo nafasi ikiwa sentimita 5 kutoka ngozini na umeacha 5 ndani, kwenye ngozi utasoma 10. Namba hiyo iandikwe kwenye faili. Aliyekuja kwa Bi Mkunazini alitazama mgongo kwa ajili ya namba hiyo.

Hapo kuna jambo moja dogo ambalo mimi nilijifunza kwa kuchelewa. Mama akijikunja ameketi, ngozi ya mgongo inakuwa karibu na pingili. Akinyooka au kulala ubavu, ngozi na mafuta vinarudi nyuma. Ukiwa umeshagandisha plasta, ngozi inaondoka na mrija na ncha inachomolewa kutoka ndani. Kwa mama mnene inaweza kufika sentimita kadhaa. Sasa namwambia mama anyooke kwanza au alale ubavu, nauacha mrija ujipange wenyewe, ndipo nabandika.

Na tiba ya upande mmoja si kumwambia mama ana mwili mkaidi. Unavuta mrija nje kidogo, sentimita 1 hivi, unaongeza dawa, wengine wanamlaza upande unaouma. Usiposhika ndani ya nusu saa hivi, toa, choma upya. Inauma kusema hivyo saa tisa za usiku, lakini epidurali ya nusu ikikutana na upasuaji wa dharura, hapo ndipo utalipia uvivu wako, maana huwezi kuitegemea kumpasua mtu.

Hata kwa wenzetu wenye kila kitu inatokea. Chama cha madaktari wa ganzi ya uzazi cha Uingereza kina karatasi ya kina mama, kimeandika wazi kwamba mmoja kati ya 8 haimtoshi na anahitaji njia nyingine ya kupunguza maumivu, na maumivu makali ya kichwa baada ya utando kutoboka ni mmoja kati ya 100. Mimi nikiongea na mama kabla, nampa namba hizo. Wachache wanaghairi. Wengi wanashukuru tu kwamba nimewaambia.

Alhamisi muulize usiku anakuwepo nani, na ni nani atakayekuja ukisema upande mmoja unauma. Akikujibu "usijali mama", uliza tena.

---

Mkunga_wa_Likoni

Niongezee kwa upande wa sisi tunaobaki na mama baada ya mtu wa ganzi kuondoka.

Si kila maumivu yanayorudi ni mrija. Kibofu kikijaa kinauma chini ya kitovu, na mama mwenye ganzi hajui kama ana mkojo. Mkimtoa mkojo, dakika tano ametulia. Mtoto akilala uso juu, mgongo unasaga hata ganzi ikiwa nzuri. Na wakati wa kusukuma, maumivu yanashuka makalioni, mishipa ya huko ni ya chini zaidi na dawa hukawia kuifikia. Hivyo mama akisema inauma, mimi huuliza inauma wapi na imeanza lini.

Na mwenye kovu la upasuaji: maumivu mapya makali yanayovunja ganzi iliyokuwa imeshika vizuri, hapo sisubiri barafu, naita daktari. Kizazi kinaweza kuwa kinaachia kwenye kovu.

Dada wa Pangani, ukiumwa sema "kulia, kuanzia hapa mpaka hapa" na uonyeshe kwa kidole. Wodi ikiwa na kelele, mama anayeonyesha kwa kidole husikizwa haraka kuliko anayelia. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Nimeelewa kitu kimoja: hata mafundi wetu wa umeme wakiwasha taa ya sebuleni wanaandika nyumba nzima inawaka.

---

Binti_wa_Pangani

MREJESHO

Samahani kwa kupotea, wiki saba sasa. Nimejifungua, mtoto wa kiume, kilo 3.4. Anakoroma kama babu yake.

Alhamisi ile nilikwenda na karatasi. Daktari ni dada kijana, alinisikiliza mpaka mwisho, nilipofika kwenye kitanda cha ukutani akaweka kalamu chini. Akasema atafanya tofauti kidogo: akifika kwenye nafasi, atapitisha sindano nyembamba sana ndani ya ile nene, atoboe utando kidogo, aone tone la maji ya uti. Tone likitokea, amejua sindano kubwa iko katikati. Nikamuuliza na kichwa je? Akasema tundu la sindano nyembamba kama ile ni dogo, kichwa kikali mara nyingi huletwa na ile nene ikiteleza. MzeeWaGanzi ukipita hapa utuambie kama unaifanya.

Siku yenyewe uchungu ulinikuta alfajiri. Nilipoambiwa nijikunje nilijikunja kama kamba wa kukaanga. Mume wangu kazi yake ilikuwa moja, kusoma namba. Akaniambia, "Kumi na moja." Daktari akaninyoosha kwanza, akasubiri, ndipo akabandika plasta. Mume wangu akasema, "Sasa kumi na mbili." Nikaanza kucheka na uchungu ukanikatiza.

Dakika 20, barafu. Begani baridi, kushoto hakuna baridi. Kulia ilikuwa baridi kidogo, chini ya ubavu, pande kama la kiganja. Nikaonyesha kwa kidole. Moyo ulishaanza kwenda mbio, nikasema yaleyale. Yule dada akatazama mgongo, akavuta kidogo, akaongeza dawa, akanigeuza nilalie kulia. Akavuta stuli akakaa. Hakuondoka! Uchungu wa kwanza baada ya hapo niliusikia kulia, mdogo. Wa pili niliuona kwenye mashine tu, mstari unapanda, mimi namuuliza mume wangu kama amemlipa bodaboda aliyetuleta.

Namba ya mwisho mgongoni ilikuwa 11. Kitanda kilikuwa katikati ya chumba, nilikisukumisha mwenyewe tulipofika, sentimita 4 za njia na mikono kiunoni, wahudumu wawili wananishangaa.